Majina Mawili Ndani ya Kisanduku Kimoja

Jumatatu, 3 Februari

Samahani, kaye, daftari langu. Tangu mbele ya Noeli sikukufungua. Maneno yalikuwako, mikono njo ilikosa. Leo Nathan amelala juu ya magunia ya unga hapa depo, ghala la kazi, mvua inapiga mabati, hakuna mteja. Naandika.

Asubuhi kama kila asubuhi. Kuchota maji. Kuwasha makala ya kupikia. Kuosha mutoto. Kutoka Hewa Bora, mutaa wetu wa Lubumbashi, kwa miguu na Nathan mgongoni, matope mpaka kwenye vifundo. Kufungua ordinateri, kompyuta ya depo. Kungoja neno la Goma. Hakuna.

Bwana yangu Dieudonné alienda Goma kuweka programu yake kwenye depo ya kule. Safari fupi, alisema. Nilishapanga nguo ya kumupokea nayo Luano, uwanja wetu wa ndege. Kisha vita viliingia mujini. Uwanja wa ndege wa kule umefungwa, benki zimefungwa, mtandao unakuja na kupotea. Yeye iko ndani.

Patron wetu, Papa Muhindo, ni muntu wa Butembo. Anauza unga, mafuta na sabuni kwa jumla, na kamio za mizigo, malori makubwa, ni zake. Sasa kamio zinaleta bantu: jamaa za wafanyakazi wake wa kule. Zinapita Rwanda, Tanzania, Zambia, zinafika mupakani Kasumbalesa. Kila jamaa, patron anasema foyer, ina kisanduku kimoja kwenye skrini yetu: jina la baba, la mama, la batoto, na nyumba watakayofikia. Dereva akituma ujumbe kwamba wamefika mupakani, kisanduku kinageuka kijani. Basi. Kinanyamaza. Lazima muntu akae anakiangalia.

Patron anataka kiseme. Kengele ilie, na printeri itoe karatasi ya Papa Albert, dereva wa basi dogo, aende Kasumbalesa kuchukua bantu. Bila karatasi muzamu, mulinzi wetu, hafungui geti. Njo sheria ya hapa, hata kwa patron mwenyewe.

Amesema nitafanya mimi. Nilisoma informatique, kazi ya kompyuta, kwenye parokia miezi michache, na Dieudonné alinifundisha jioni, kaye juu ya meza ya jikoni. Ishara, njia ya kisanduku kutoa neno, aliniahidi tutasoma tukipata wakati. Hatukupata.

Jumatano, 5 Februari

Goma imeita. Si Dieudonné. Mwanamuke.

Anaitwa Espérance. Anashika ordinateri ya depo ya kule, ni yeye bwana yangu alienda kufanya naye kazi. Alituma sauti kwa kadi ya simu ya Rwanda. Anasema Dieudonné ni muzima. Simu yake ilipotea siku ile bantu walikuwa wanakimbia. Na ati amesikia kazi patron amenipa, amemutuma anifundishe ishara.

Amemutuma yeye. Anifundishe mimi.

Sauti iko tamu. Kiswahili chake kimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Ananiita dada. Alieleza hivi: kitufe cha kawaida kinazaliwa na neno lake. Ukikibonyeza kinasema nimebonyezwa, na kila anayesikiliza anasikia. Lakini kisanduku chenye mumeunda nyinyi wenyewe hakina neno. Lazima ukipe. Pale juu, mahali klasi yake, maandishi yenye kukiunda, inaanzia, unatangaza jina la ishara na mzigo wenye itabeba. Chini, mahali pa haki, kisanduku kinaitoa. Kisha unaunganisha wasikilizaji: kengele, printeri, dirisha la keshi. Kisanduku chenyewe hakijui nani anasikiliza. Kinasema tu.

Nilielewa mara moja. Hiyo njo iliniuma zaidi. Ni mwalimu muzuri.

Na mwisho wa sauti, nyuma yake, muntu alikohoa. Kikohozi kile nimelala nacho tangu tuoane. Ilikuwa asubuhi sana, jogoo walikuwa wanawika kule. Alikuwa anafanya nini pale asubuhi ile?

Alhamisi, 6 Februari

Nimesikiliza ile sauti mara nyingi. Ya Mado, mukubwa wetu anayepokea pesa kwenye keshi, anafikiri najifunza. Nasikiliza sehemu ya mwisho tu.

Jumamosi, 8 Februari

Ishara nimeiandika. Nimeiita imefika. Programu ilikataa, ikanijazia mistari myekundu.

Nilikaa nayo asubuhi yote, Nathan kwenye ziwa, ananyonya. Kumbe pale juu nilitangaza ishara isiyobeba kitu, halafu chini naitoa na jina la foyer mgongoni. Haiwezi. Ukitangaza itabeba neno moja, ibebe neno moja. Ukitangaza haibebi, isibebe. Nilitengeneza peke yangu. Sikumuuliza yule. Kengele ikalia, printeri ikatoa karatasi ya kujaribu, Nathan akaikamata na kula kona yake.

Nilifurahi. Nikageuka kumuonyesha Dieudonné. Kiti chake kina maboksi ya sabuni.

Kisha Ya Mado, mbele ya wabeba mizigo bote: "Mama Nathan, ule mwanamuke wa Goma, anakufundisha programu ao anakufundisha kukaa bila bwana?"

Bakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa meno. Halafu nikaenda nyuma ya magunia ya sukari, nikasema nanyonyesha.

Nina wivu. Naandika wazi, hapa hakuna mwingine wa kusoma. Wivu kwa sauti yake. Wivu kwa shule yake, kwa mikono yake isiyonuka maziwa. Anaweza kumuuliza bwana yangu jambo na kupata jibu papo hapo. Mimi nangoja mtandao.

Jumatatu, 10 Februari

Goma wametuma visanduku vipya vya kamio ijayo. Nafasi ni chache, bantu ni wengi. Patron ameamua: foyer kwanza. Baba na mama na batoto. Muntu pekee, mwanaume ao mwanamuke, angoje.

Nilifungua kimoja kimoja kuhakikisha majina. Cha tatu ao cha nne:

Baba: Dieudonné. Mama: Espérance. Mutoto: mumoja. Nyumba ya kufikia: Hewa Bora.

Hewa Bora ni kwangu. Lupango letu, kiwanja chetu. Makala yangu, sufuria zangu, kitanda chenye nilitandika mimi.

Nilifunga skrini. Nilifungua tena. Majina yalikuwa pale pale.

Kichwa changu kinaelewa. Mwanaume pekee hana nafasi, mwanamuke pekee hana nafasi, wakiandikwa pamoja wanapanda. Kichwa kinaelewa. Tumbo linakataa. Muntu anaweza kuanza na karatasi tu, kisha njia ni ndefu, nchi tatu, wanakula sahani moja, wanalala chini ya turubai moja, kila askari wa mupakani anawaita bwana na bibi. Akifika hapa, ataniita mimi nani?

Sikula. Nathan alikula bukari yake, ugali wa jioni, na yangu.

Jumanne, 11 Februari

Nimejiwekea sikio langu ndani ya programu. Hakuna aliyeniomba.

Nimeliunganisha la kwanza, mbele ya kengele, mbele ya printeri, mbele ya keshi. Kisanduku chochote kikisema imefika, sikio langu linatazama mzigo: ni jina la Dieudonné? Kama ndiyo, kona ya skrini yangu inawaka nyekundu. Nataka kujua mbele ya bote. Mbele ya Papa Albert na basi lake. Nitapanda taxi mwenyewe mpaka Kasumbalesa, nisimame mahali hawanioni, nione wanavyoshuka. Nione kama anamushika mukono.

Mwisho wa sikio sikuujua vizuri, basi nilinakili ule wenye Dieudonné aliandika kuzuia dirisha lisijifunge Nathan akipigapiga vitufe. Unamalizika na neno True, ni kusema kweli. Nilijaribu na jina lake. Kona ikawaka vizuri. Nikaridhika, nikazima jaribio.

Ijumaa, 14 Februari

Mujini wanauza maua ya plastiki. Ya Mado alipewa moja na bwana yake, akalipanga kwenye mashine ya keshi siku nzima.

Ujumbe mufupi umetoka kwenye namba ya Espérance: Mama Nathan niko muzima, mubusu mutoto, nitakueleza. Ni maneno ya Dieudonné, lakini vidole vya nani vimeandika? Niliuliza: Espérance ni nani kwako? Ujumbe haukuenda. Nikaufuta.

Jumapili, 16 Februari

Misa. Padri aliombea Kivu, bote tukalia kidogo. Kisha nikaomba kintu kingine, juu ya mwanamuke, chenye siwezi kuandika hapa. Namuomba Mungu asahau.

Jumatatu, 17 Februari

Siku mbaya.

Mama Kavira, shangazi ya patron, mwanamuke mzee mwenye maumivu ya magoti, alifika Kasumbalesa Jumamosi na foyer ya mwanawe. Dereva alituma ujumbe kama kawaida. Kisanduku kiligeuka kijani. Lakini kengele haikulia, printeri haikutoa karatasi, Papa Albert hakutoka. Na tangu nimeweka ishara hakuna anayekaa tena kuangalia rangi. Bote tunangoja sauti. Mzee amelala Jumamosi na Jumapili juu ya magunia, kwenye paki ya kamio, ndani ya mvua, mpaka muntu wa Butembo anayefanya biashara mupakani akamutambua na kuita patron.

Patron hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliongea chini, mbele ya bote: "Bwana yako aliniambia unaweza. Sasa nitamuambia nini?"

Nilitafuta mpaka macho yakauma. Ishara inatoka, naiona inatoka. Wasikilizaji wameunganishwa. Nafsi yangu ilijua nani angeona kosa. Nilizunguka depo, nikabadilisha Nathan nepi, nikarudi. Nikapiga picha ya skrini, nikamutumia Espérance. Kidole kilikuwa kizito.

Jibu lilikuja haraka, leo mtandao ulikuwa na huruma. "Dada, tazama mwisho wa sikio lako la kwanza. Umerudisha True. Kwa ishara hii, True ni kusema: nimeshughulika nayo, wengine wasisumbuliwe. Njo maana wa nyuma yako hawasikii kintu."

Basi ni hivyo. Kisanduku cha mzee kilisema, mimi nikasikiliza kwanza, nikaona si bwana yangu, nikafunga mulango. Mama Kavira alifika, na sikio langu likamwambia dunia yote nyamaza. Lilikuwa linangoja jina moja tu.

Na Espérance ameona. Picha ilikuwa wazi. Jina la Dieudonné, ndani ya sikio, mbele ya printeri. Hakusema neno juu yake.

Nimetoa True. Nimejaribu na jina la kila foyer, si moja. Kengele, karatasi, keshi. Sikio langu nimelipeleka nyuma ya yote. Sikulitoa.

Jioni nilienda kwa patron kumuomba Mama Kavira musamaha, na Nathan mgongoni. Mzee alikuwa amefunika magoti na blanketi. Aliniuliza kama mutoto ananyonya vizuri. Ningependa anitukane.

Jumanne, 18 Februari

Sauti ingine ya Espérance. Ndefu. Hakuna programu ndani. Naandika vile alisema, nisije nikaigeuza kesho.

"Dada, bwana yangu alitoka siku ile ya vita kutafuta maji, hakurudi mpaka leo. Mutoto wangu hajatembea bado. Kwenye kamio mwanamuke pekee hapandi. Nilimuomba Dieudonné jina lake, kwa njia tu. Akakataa. Alisema: muulize kwanza mama Nathan, yeye akikubali nimekubali. Nikaogopa. Kila sauti niliyokutumia nilitaka kukuuliza, nikifika mwisho nasema ishara tu. Ile foyer niliiandika mimi. Yeye hajui. Ukitaka, ifute."

Na chini kidogo: wanalala bote ndani ya depo, jamaa na jamaa, kati ya makatoni. Bote. Mimi niliwaona babili tu.

Namuamini? Nusu. Kikohozi nimekielewa. Lakini aliweka cheo changu cha bibi kwenye jina lake, na aliandika nyumba yangu. Hiyo muntu haandiki bila kuiona kwa macho ya moyo, hata mara moja. Najua, sababu mimi pia nimeona mambo kwa macho ya moyo wiki hizi, na yalinifanya nilaze mzee kwenye mvua.

Angeuliza tu. Mimi pia ningeuliza tu.

Niliweka kidole juu ya kufuta. Nikifuta, yeye anabaki na mutoto wake. Na Dieudonné anabaki pia, muntu pekee. Nikiacha, wanakuja bwana na bibi.

Sikumujibu. Nilipika sombe ya majani ya muhogo, nikafua nguo za Nathan, zote, hata zile safi.

Alhamisi, 20 Februari

Nimeenda kwa patron, ofisini kwake hapa depo. Sikubisha hodi mara mbili.

Nilimuonyesha kisanduku kwenye skrini yake. Alitazama, akanitazama, akashusha macho. Kumbe alishakiona. Aliogopa kuniambia, muntu mukubwa vile.

Nilisema hiki ni uongo, nataka kukigawa: kimoja cha Dieudonné, kimoja cha Espérance. Akasema mama, unajua sheria, nikigawa nawaacha babili, na wa nyuma yao wataniuliza kwa nini. Nikasema sikuomba uvunje sheria.

"Foyer ya Dieudonné ni mimi na huyu mutoto. Tuko hapa mbele yako. Anakuja kukamilisha foyer. Ya Espérance ni yeye na mutoto wake. Bantu babili wa damu moja, ni foyer ao si foyer?"

Shangazi yake alikuwa amekuja kukaa naye ofisini, kwenye kiti cha nyuma, na blanketi lake. Alisema kitu kwa kinande, lugha yao ya Butembo, kifupi, sikukielewa. Patron akakuna shingo. Akauliza lile la mwisho, lenye nilijua ataliuliza: kisanduku bila nyumba ya kufikia hakipandi, na ule mama hana muntu Lubumbashi. Atafikia kwa nani?

"Kwangu."

"Mama Nathan."

"Afike kwangu na jina lake. Ndani ya jina la bwana yangu sitaki aingie. Ndani ya nyumba aingie."

Niligawa palepale, mbele yake. Kisanduku cha mwanamuke kiongozi hakikuwako, Dieudonné hakufikiria. Nilibadilisha neno Baba, nikaandika Kiongozi. Sasa kinakubali yeyote. Kinasema imefika kama vingine.

Ya Mado alisikia yote, ukuta wa hapa ni mbao. Alisema mimi ni mujinga, nimeita nyoka kulala kwa mukeka. Labda. Lakini nyoka huyu nitamuona kwa macho yangu, asubuhi na jioni, akila sahani yangu. Nimechoka kumusikiliza kwa simu.

Kisha nikamutumia Espérance maneno machache: nimegawa, una nafasi, unalala kwangu chumba cha Nathan, na mbele ya bwana yangu unaniita Mama Nathan, si dada. Udada tutaona.

Jumapili, 23 Februari

Kamio imeondoka Gisenyi, ng'ambo ya mupaka wa Goma, jana. Visanduku vyao viko kwenye mstari mumoja, kila kimoja na rangi yake ya kijivu.

Dieudonné aliita kwa simu ya dereva. Muda mufupi. Aliambiwa yote njiani, na Espérance mwenyewe. Halafu aliuliza kama ni kweli nimetangaza ishara peke yangu, na mzigo wake. Nikasema ndiyo. Akasema angependa kuona. Sauti yake imekonda. Sikumuuliza kintu kingine. Nitamuuliza uso kwa uso, na nitajua.

Wivu uko bado. Umekaa, haupigi kelele.

Mvua imeacha. Nathan analala. Nimehamisha kitanda chake kwetu, nimefagia chumba, nimeomba godoro kwa jirani. Bakipata mtandao Tanzania, Espérance anitumie haya, bado sina:

Namba ya mguu wa mutoto, nimutafutie viatu.

Kama ananyonya bado ao anakula. Chenye kinamufanyia vibaya tumboni.

Dawa kama iko, na picha ya boksi lake.

Jina lote la bwana yake aliyepotea, nimupe muntu wa parokia anayetafuta bantu.

Kutoka kwa Dieudonné, kwa mukono wake mwenyewe: anataka kula nini siku ya kwanza.

Na jina la mutoto. Lile la kwenye kisanduku ninalo. Nataka lile wanamuitia nyumbani, lenye akisikia anageuka.